Kiporo cha Tangazo la Sabuni

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Na swali lenu pia nimelipokea, lile mnaloniuliza kila mnapokuja kununua mayai hapa kwangu Msambweni: "Bi Riziki, leo tutangaze nini?" Mmoja anauza juisi ya ukwaju, mwengine viatu vya mitumba, mwengine anasuka nywele, na wote mnakonda kwa kutafuta kitu kipya cha kuweka kwenye simu kila kukicha. Mnakiita kontenti. Sisi tulikiita maneno tu, na hatukukonda.

Mimi nimestaafu. Nafuga kuku, na kuku hana haja ya mtangazaji, akitaga anapiga kelele mwenyewe. Lakini kwa miaka thelathini na ushei nilitangaza biashara za watu wadogo kuanzia Ukunda mpaka Lunga Lunga, kwanza kwa brashi, kisha kwa mdomo, mwisho kwa simu. Na siri ya kazi yangu ni kwamba vitu vipya nilitengeneza vichache sana. Vingi vilikuwa viporo vilivyopashwa moto. Nanyi mnajua, samaki wa nazi aliyelala, akipashwa vizuri asubuhi, watu hugombania ukoko wa sufuria.

Aliyenifunza ni Fundi Salimu, mchora mabango wa Ukunda, mtu mwembamba, bahili wa maneno na bahili zaidi wa rangi. Msichana kushika brashi wakati ule ilikuwa kioja. Mama yangu aliniuliza ni mwanamume gani atakayeoa mke anayenuka tapentaini. Nikamwambia atakayekuja na bango lake, na kweli akaja, lakini hiyo ni habari nyengine.

Fundi Salimu hakufuta bango zima hata siku moja. Mwenye duka akija kutaka bango jipya, fundi alilizunguka la zamani mara mbili, akaligonga kwa kidole, kisha akafuta mstari wa chini tu na kuandika mwengine. Jina na pambo la pembeni aliviacha. "Jina halichoki, Riziki," aliniambia. "Kinachochoka ni msimu." Neno hilo limenilisha maisha yangu yote. Tazameni mlichoandika mwaka jana. Pengine kilichochakaa ni mstari wa mwisho tu.

Ila msifikiri kupasha kiporo ni kazi ya mvivu. Mara moja alinipa bango la bucha iliyokuwa imefungwa, nilibadilishe liwe la mama mmoja muuza mahamri ambaye hakuwa na uwezo wa bango jipya. Katikati palikuwa na mbuzi mkubwa. Kazi ilitaka rangi nyeupe mikono mitatu, mmoja juu ya mwengine, mimi nikapaka mmoja kwa sababu kopo lilikuwa linakwisha na mimi nilikuwa na harusi ya kwenda. Nikachora sinia la mahamri, likapendeza. Masika yakaja. Wiki ya pili ya mvua, mbuzi akaanza kutoka. Zikatangulia pembe, zikafuata ndevu, kisha jicho moja likawa linawatazama watu kutoka nyuma ya mahamri. Wapita njia wakawa wanamwuliza yule mama, "Leo mahamri ni ya mbuzi?" Alikuja kunitukana mpaka nikajificha chini ya meza. Baada ya mwezi akarudi kuniambia nisilifute, kwa kuwa watu walikuwa wanakuja kumwona mbuzi na wanaondoka na mahamri. Mpaka leo pale panaitwa kwa Mahamri ya Mbuzi, na mimi sijawahi kumwambia mtu kwamba kampeni ile nzuri ilitokana na uvivu.

Kosa jengine lilikuwa kule Kinango. Mwenye duka la nguo, mlokole wa kweli, alinipa kazi ya Krismasi. Nikachukua tangazo langu la Idd, nikabadilisha mstari wa chini kama nilivyofunzwa, nikampelekea. Akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Bi Riziki, nyota naijua, ni ya Bethlehemu. Huu mwezi umetoka wapi?" Kwa hiyo mstari wa juu nao tazameni.

Sasa kuhusu kupata hayo maneno ya kupasha. Usiende kwa mwenye biashara na maneno yako mfukoni. Mwache afanye kazi yake, wewe kaa pembeni umrekodi akizungumza. Pale Lunga Lunga, kwenye mpaka, kulikuwa na mama wa viazi vya karai. Madereva wa malori wanasubiri pale hati zao zigongwe muhuri, wanasubiri mpaka wanaota mizizi. Nilikaa naye asubuhi moja tu. Dereva mmoja alilalamika, na yule mama, bila kuinua macho kwenye karai, akasema, "Karatasi zako zikichelewa, viazi havichelewi." Nikaona kazi imekwisha. Maneno yale nikayaandika kwenye kipande cha boksi mezani pake, nikayaweka kwenye simu pamoja na picha ya karai linalochemka, nikawafunza vijana wa bodaboda wayaseme wakipita kwenye foleni ya malori. Asubuhi moja ikatulisha miaka. Na ujue, mimi sikutunga hata neno moja.

Hapo ndipo nilipojiona fundi, na mtu akijiona fundi huwa karibu na kuanguka. Sikilizeni habari ya sabuni.

Kule Kibuyuni akina mama wanapanda mwani baharini. Kikundi kimoja kiliamua kisiuze mwani mkavu tu, kipike na sabuni. Wakaniita niwasaidie kuitangaza. Bajeti yao ilikuwa nauli yangu na chakula cha mchana, nikakubali kwa sababu ya chakula. Mpishi wao wa sabuni aliitwa Mwanatumu, mwanamke mchangamfu wa makamo, na yeye peke yake ndiye aliyejua kipimo kinachoifanya sabuni ile ishike na isipasuke. Nilimrekodi akiwa na kipande cha sabuni mkononi, wanja machoni, ua la kilua kichwani. Kila mteja alikuwa akiuliza swali moja, kama sabuni inanuka samaki. Kwa hiyo Mwanatumu akasema: "Mwani tumeupanda wenyewe, sabuni tumeipika wenyewe! Hainuki samaki, njoo unuse! Ogea hii, na bwana hatoki nyumbani leo!" Kisha akacheka. Alicheka kicheko kirefu, cha kutoka tumboni, ambacho ukikisikia lazima nawe ucheke hata kama umefiwa na kuku.

Kicheko kile nilikikamua mpaka tone la mwisho. Picha yake niliiweka kwenye mabango Ukunda. Maneno ya kutonuka samaki nikayachapisha kwenye karatasi ya kufungia. Video fupi ikazunguka kwenye stetasi za simu. Na sauti nikaitia kwenye flashi, nikampa Musyoka, kijana wa Kitui anayeendesha tuktuk yenye kipaza sauti, aipige barabarani kutoka Msambweni mpaka Shimoni hadi Idd. Sabuni ikanunuliwa na wenyeji, ikanunuliwa na wenye nyumba za wageni Diani, na mimi nikawa natembea kifua mbele.

Kisha Bakari, mume wa Mwanatumu, akaugua siku tatu na kufariki. Alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa masihara. Mungu amrehemu.

Wale mliokuja kutoka bara mtaniwia radhi nieleze. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na huku kwetu tunamwita kizuka. Hajipambi, hajitii manukato wala wanja, hatoki ovyo, wala hajionyeshi kwa wanaume. Na mimi nilikuwa na uso wake, wanja na kilua na vyote, umetundikwa Ukunda nzima! Nikakimbia. Mabango nikayabandua kwa mikono yangu, video nikaifuta, nikawaomba wenzangu nao waifute. Karatasi ya kufungia haikuwa na sura yake, nikaiacha. Nikajipongeza kwa adabu yangu.

Ile flashi nikaisahau. Musyoka alikuwa ameenda kwao kuvuna, kwa hiyo barabara ilikuwa kimya, na mimi sikukumbuka kwamba kuna kipande bado kina miguu. Musyoka naye ni kijana mwaminifu. Alikuwa amelipwa hadi Idd, akarudi akiwa na deni la wiki mbili za kutangaza, akaona haifai kula jasho la akina mama bure. Uaminifu wake ndio ulioniponza.

Siku ya arobaini ya Bakari tulikwenda kusoma hitima nyumbani kwa mama yake, Bi Mwanahamisi, kwenye barabara ya Shimoni. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake ndani, na Mwanatumu akiwa chumbani na nguo zake nyeupe. Kisomo kilikuwa kimemalizika, dua inaombwa, watu wamenyamaza kabisa. Nikasikia tuktuk. Nikasema moyoni, inapita. Haikupita. Ikapunguza mwendo mbele ya nyumba, na kipaza kikafunguliwa mpaka mwisho.

"Ogea hii, na bwana hatoki nyumbani leo!"

Kisha kicheko kikaingia madirishani.

Niliruka watu. Mlangoni nilivaa ndara za kwanza miguu ilizoziona, moja yangu na moja ya mwanamume wa watu, nikakimbia mbele ya masheikh nikipunga mtandio.

"Zima! Musyoka, zima!"

"Ati nini, mathe?"

"Zima, nakwambia!"

Akazima. Alikuwa na uso wa mtu aliyetarajia kushukuriwa. "Mathe, si ulisema nipige mpaka Idd? Nimeona turubai, nimeona sufuria za pilau, nikajua hii ni arusi. Hapa ndio soko iko."

"Ni hitima, mwanangu. Ya mume wa huyo anayecheka."

Akavua kofia taratibu. "Woi. Mungu wangu." Akataka kuondoka na tuktuk haikuwaka. Alikaa pale dakika kumi akihangaika nayo huku wanaume wote wakimtazama, mpaka mzee mmoja akamwonea huruma na kumwita aje ale.

Mimi sikuwa na wa kunionea huruma. Omari, mdogo wake marehemu, alinifuata pale barabarani. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Bi Riziki, kwa heshima yako wewe ni mkubwa wangu. Mke wa ndugu yangu yuko eda na sauti yake inauzwa njiani. Tumeaibika mbele ya watu. Akitoka eda atakaa nyumbani, mambo ya sabuni yamekwisha."

Bila Mwanatumu kikundi hakina sabuni, hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba bila sabuni Mwanatumu na watoto wake watatu wangekula kwa mkono wa shemeji maisha yao yote, na aliyewafikisha hapo ni mimi, fundi wa viporo.

Nikarudi ndani. Wanawake wakanipisha njia bila kunitazama. Chumbani Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi kitandani kando ya mkwewe, tasbihi mkononi. Nikapiga magoti.

"Bi mkubwa, nisamehe. Mwanatumu, nisamehe. Nilivikusanya vyote, kimoja nikakisahau. Sina la kujitetea."

Bi Mwanahamisi akaendelea kuhesabu tasbihi. Mwanatumu ndiye aliyeinua kichwa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Bi Riziki, unajua kinachoniuma? Watu wote wanadhani nilikuwa naicheka sabuni."

"Kwani ulikuwa unacheka nini?"

"Umesahau? Nilikuwa namcheka Bakari."

Wallahi nilikuwa nimesahau. Siku ile ninarekodi, Bakari alikuwa amesimama nyuma yangu. Sabuni zilikatwa vipande vya pembe nne na kupangwa kwenye sahani, naye alikuwa amerudi kutoka pwani na njaa yake, akadhani ni kashata. Maneno yake yaliingia katikati ya tangazo, mimi nikayakata, nikayaunganisha ya mkewe na kicheko. Niliyakata kwa sababu hayauzi kitu.

"Kile kizima unacho?" akauliza Mwanatumu.

Nilikuwa nacho. Mimi hata picha iliyotoka kiza siitupi. Nikatafuta kwenye simu. Nikakipata, nikakifungua kwa sauti ya chini.

"Ogea hii, na bwana hatoki nyumbani leo!" alisema Mwanatumu kwenye simu. Na nyuma yake sauti ya mwanamume, nzito, yenye kitu mdomoni: "Atatokaje, na mdomo umejaa povu? Mwanatumu, kashata gani hizi?" Ndipo kikaja kile kicheko.

Bi Mwanahamisi alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikaogopa, nikadhani nimemwua mama wa watu. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamshuka mpaka kidevuni. "Tangu mdogo," akasema, "tangu mdogo yule, kila akionacho hutia mdomoni! Alikula mshumaa huyu! Alikula chaki ya shule!" Mwanatumu akamwangukia kifuani, wakalia na kucheka pamoja, na wanawake waliokuwa sebuleni wakaja mlangoni, wakasimuliwa, nao wakashindwa kujizuia. Sijawahi kuona hitima kama ile. Mimi nililia kuliko wote, wala sioni haya kusema.

Omari akabisha dirishani kuuliza kuna nini. Hakuweza kuingia palipo na kizuka, kwa hiyo mama yake alichukua simu yangu, akamtokea barazani. Tulisikia sauti ya Bakari kupitia ukutani, mara ya kwanza, kisha ya pili, kisha Omari akaomba tena. Simu iliporudi, Bi Mwanahamisi aliniambia neno moja tu kuhusu lile la sabuni: "Tutazungumza." Mwanatumu akaniomba kile cha barabarani nikifute kabisa, na kile kizima niwatumie yeye na mama mkwe. Nikawatumia, nikafuta changu mbele yao, na Musyoka akaitwa alete flashi, akaileta na mkono mwengine ukiwa na mfupa wa pilau.

Tangu siku hiyo nina daftari. Kila nikikata kitu, naandika kipande gani kimekwenda wapi na kiko kwa nani, maana kipande hakirudi chenyewe nyumbani. Na kama kina sura au sauti ya mtu, kabla ya kukipasha namwendea mwenyewe kumwuliza tena. Ruhusa ya mwaka jana si ruhusa ya leo. Mtu huolewa, huachwa, hufiwa, hubadili dini, hunyoa ndevu. Jina la duka ndilo lisilochoka, lakini watu wanachoka, na wana haki. Nanyi andikeni hivyo kwenye simu zenu kama madaftari mnayaonea kinyaa.

Ile miezi iliyobaki kikundi kilijaribu kupika sabuni bila Mwanatumu. Ilipasuka kama udongo wa kiangazi. Hakuna aliyethubutu kwenda kuuliza kwa Bi Mwanahamisi, na mimi niliyestahili kwenda nilikuwa mwoga kuliko wote. Nilipita barabara ile nimeinamisha kichwa.

Eda ilipokwisha, siku ya kikao cha kikundi, nilikuwa Kibuyuni na simu yangu, najaribu kumrekodi mwenyekiti, ambaye akiona kamera anakuwa ubao. Tukaona watu wawili wanakuja. Mwanatumu alikuwa amevaa leso ya kawaida, bila kilua. Nyuma yake mkwewe, na mkoba wa kwapani, kama aliyekuja kukagua shule.

Mwanatumu akamsalimia kila mtu, akachukua kipande cha sabuni mezani, akakitazama kile kilivyopasuka, akasikitika kwa ulimi. Kisha akasimama mbele yangu. "Haya, Bi Riziki. Anza upya."

Nikaanza. Lakini safari hii hakucheka. Alizungumza akitazama mchanga, kwa sauti iliyokuwa haifiki hata kwangu, akieleza mwani unavyokaushwa na kusagwa. Nilitaka kuzima nimwambie tujaribu siku nyengine, basi, asijitese. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nyuma yangu nikamsikia Bi Mwanahamisi akikohoa.

"Sema kwa sauti, mwanangu," akasema. "Wasikie mpaka barabarani."

Mwanatumu akainua uso, akasema. Na maneno ya yule bibi sikuyakata. Ndiyo yanayofungua tangazo la sabuni ile mpaka leo.